Mteja wa Majaribio

Fundi viatu huyu wateja walimwita Mama Kisigino, na wala hakununa. Asubuhi hiyo hata ungemwita jina gani angeitika, kwa furaha aliyokuwa nayo. Tovuti ya duka lake ilikuwa tayari! Viatu vya ngozi alivyoshona kwa mikono yake vilikuwa vimejipanga kwenye kioo cha simu, vinang'aa mpaka unatamani kuvivaa. Kilibaki kitu kimoja tu, nacho ndicho roho ya biashara: mteja atalipa vipi?

Na hapo hapakuwa na mchezo. Mwenye jengo alikuwa ameuza vibanda vyote, na Jumatatu kibanda cha Mama Kisigino kingefungwa. Kuanzia hapo hana meza wala bango. Ana cherehani sebuleni na hiyo tovuti. Watu wakishindwa kulipa, ndiyo basi tena.

Mdogo wake wa kiume, ambaye nyumbani wanamwita Injinia tangu alipofufua redio ya baba yao, alikuwa ameunganisha huduma tatu za malipo ili wachague moja. Alikuwa na maneno huyo! Mara makato, mara usalama, mara muda wa hela kuingia, mpaka dada yake akashika kichwa.

"Dada, chukua ya kwanza," alisema. "Makato yake madogo, tena inapokea kadi za dunia nzima."

"Mimi ngozi siinunui kwa kusimuliwa, naikunja kwanza nione. Tumpe mtu alipe."

"Nani sasa?"

"Mama mkwe."

Injinia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Maana mama mkwe huyo, jamani, subira alinyimwa. Kitu kikimsumbua anakiacha papo hapo na nyuma hageuki. Lakini ndiyo sababu yenyewe: akiweza yeye, nani atashindwa?

Wakamwita, wakamkalisha kwenye kochi na simu yake mwenyewe. "Mama, chagua kiatu chochote ulipe," Mama Kisigino alimwambia. "Tunajaribu tu, hela yako nakurudishia sasa hivi."

Bibi wa watu akavaa miwani, akaingia kazini. Huduma ya kwanza ikamwomba namba ya kadi.

"Kadi ipi? Ya kliniki?"

"Ya benki, mama," Injinia alisema. "Chukua, tumia yangu."

"Nilipe kwa kadi ya mtu? Wakinikamata nitasema nini? Toa huko!"

Ya kwanza ikapigwa chini. Injinia akaweka ya pili. Hiyo ilimhamisha kabisa dukani, ikampeleka kwenye ukurasa wenye jina la kampuni asiyoijua, inayotaka afungue akaunti kwanza.

"Na huyu ni nani? Mimi nanunua kwa mkwe wangu, huyu katokea wapi?" Akaizima simu na kuikalia. Na msimcheke, hata nyie mngekimbia.

Kumbembeleza hadi aitoe simu ilikuwa kazi nyingine. Huduma ya tatu ikamwomba namba ya simu tu. Punde ujumbe ukatokea kwenye kioo, ukimtaka aweke namba ya siri. Akawapa mgongo, akaikinga simu kwa kiganja, akabonyeza. Mama Kisigino alikuwa roho juu, kaikodolea macho simu yake mwenyewe. Mara simu yake ikalia: malipo yamepokelewa!

Alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Akaruka, akamkumbatia mama mkwe, miwani ikaenda upande.

"Lakini hii ndiyo yenye makato makubwa," Injinia alinung'unika.

"Na mteja akikimbia, mimi napata nini? Weka hii hii! Nimekata shauri."

Duka limepata mlango! Bado anacheka, akafungua oda ili arudishe hela kama alivyoahidi. Akasita.

"Mama, umekosea saizi. Umeweka arobaini na moja. Wewe si thelathini na tisa?"

"Nani alikwambia?"

Mama Kisigino aliambiwa na mumewe, enzi za uchumba. Kumpima mama mkwe miguu aliona haya, na tangu hapo kila mwaka akamshonea jozi ya saizi ile ile.

"Vinanibana, mwanangu," mama mkwe alisema taratibu. "Tangu ile jozi ya kwanza. Lakini zawadi utailalamikiaje? Mtu kajichosha kushona, kakuletea kwa mikono miwili, umwambie vidole vinauma?"

Uso ulimwaka Mama Kisigino. Fundi anayesifiwa mji mzima, nyumbani kwake anamtesa mama wa watu! Akataka kulia, kikatoka kicheko, kisha vyote viwili kwa pamoja.

"Nisamehe, mama. Hela narudisha, na hivyo vya arobaini na moja nakushonea bure."

"Thubutu! Ukinipa bure si zawadi tena hiyo? Hela kaa nayo. Mimi leo ni mteja, na visiponikaa vizuri utanisikia."

Mama Kisigino akaiweka simu mezani, akachukua utepe wa kupimia na kupiga magoti sakafuni.

"Basi lete mguu, mama."

"Anza na wa kushoto," mama mkwe alisema, akivua kiatu. "Huo ndio umeteseka zaidi."