Hongera ya Baba Mdogo

Baba mdogo wangu alikuwa mnywaji wa gongo mwenye bidii. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kwetu karibu na Butiama, wenzake wakipalilia pamba ya kijiji, yeye alikuwa amelala kwenye matuta. Mkewe, mama mdogo wangu, alivumilia hadi akachoka, akafunga virago kurudi kwao Kibara.

"Wewe huwezi kuacha," alimwambia. "Siku ukiacha, nitarudi. Ukinidanganya, basi tena."

Nikampeleka hospitali Musoma. Daktari wa kwanza hakuinua hata macho. Alimpa vidonge, akasema, "Nyinyi hamwachi. Tutaonana." Na kweli, walionana tena na tena. Nilipomfokea, baba mdogo alinijibu, "Msomi amesema tutaonana. Nimfanye mwongo?" Nilitamani kumzaba kibao, ila ni baba yangu.

Kisha akaja daktari kijana kutoka Tanga, akamwuliza shida yake.

"Nilikuwaga nakunywa gongo sana, daktari."

Kwetu Mara, hiyo -ga ni ya mazoea: alikunywa juzi, alikunywa jana, na jioni ile angekunywa. Mtu wa pwani alisikia "nilikuwa" tu, yaani yamekwisha. Akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Hongera sana, ndugu! Kuacha si mchezo. Njoo kila Jumatatu uwape moyo wenzako wanaotaka kuacha."

Nikafungua mdomo nisahihishe. Baba mdogo akanikanyaga mguu.

Njiani akaanza kulalamika. "Mwanangu, nimepewa hongera ya mtu mwingine. Jumatatu nitaendaje nikinuka?"

Wiki ile alitetemeka, akatapika, akatukana ukoo mzima huku nikimkorogea uji. Jumatatu akanyoa ndevu, akaenda. Daktari akamwita mwalimu. Pamba ikavunwa, ikauzwa, yeye bado anaenda.

Mama mdogo alisikia, hakuamini. Akatoka Kibara moja kwa moja hadi kwa daktari, sisi nyuma yake.

"Umempa dawa gani huyu?"

"Sikumpa kitu, mama. Alipofika kwangu alikuwa ameshaacha."

Akamgeukia mumewe, macho makali.

"Alinisikia vibaya," baba mdogo alisema, akitazama viatu vyake. "Nikaona haya kumkatalia. Mtu alifurahi vile!"

Mama mdogo alicheka hadi akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka machozi.

"Mimi nilikuwaga namwambia hawezi," alisema.

Safari hii hata mtu wa Tanga alisikia sawasawa.