Nyuzi za Chini za Fidla ya Tarjei

"Nipigieni wimbo wowote, mara moja tu! Kabla kahawa haijapoa utakuwa kwenye karatasi, na mpigaji hatatuhusu tena!"

Aslaug aliyasema hayo jukwaani, kwenye mashindano ya fidla ya mkoa wa Telemark, akiwa na miaka ishirini na ulimi usio na breki. Baba yake Tarjei, mpigaji aliyejulikana hadi mabonde ya jirani, alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Basi mwanangu," akamjibu, ukumbi mzima ukisikia, "mie nikajichimbie kaburi leo, au ningoje wiki iishe?"

Watu wakacheka hadi machozi.

Kesho yake jikoni mzee akamimina kahawa, akaisogeza mbele ya binti. "Haya, bingwa. Saa yako hiyo hapo, inafuka." Akazungusha vigingi vya fidla, akapiga wimbo ambao hakuwahi kumpigia mtu. Aliutunga mwaka aliomzika mkewe. Aslaug akakodolea macho vidole vya baba, kalamu ikakimbia. Wimbo ulipokoma, alikunywa kahawa ya moto. Alishinda.

Ila aliruka jambo moja. Kule wimbo huandikwa kwa jinsi vidole vinavyokanyaga, na nyuzi hukazwa kwa namna nyingi mbalimbali, wimbo huu hivi, ule vile. Ndiyo maana kichwani mwa karatasi hutangulia sauti nne za nyuzi zisizokanyagwa. Hizo ndizo alizoruka, na bila hizo una ufunguo na hujui mlango. Angekumbuka tu, si alikuwepo? Alikuwepo, ndiyo, lakini alikuwa akiandika. Hakuwa akisikiliza.

Miaka ikapita, akaandika nyimbo za wazee wa bonde zima, makabati yakajaa. Wa baba alijua upo, kwa hiyo hakuugusa. Tarjei alipofariki ndipo alipoitoa ile karatasi. Akakaza nyuzi za fidla yake hivi, ukatoka wimbo. Akakaza vile, ukatoka mwingine. Kila mmoja ulikuwa na sura ya nyumbani, na kila alipojaribu, ule wenyewe ulizidi kusogea mbali, kama mgeni anayeaga huku akirudi kinyumenyume.

"Huo nao," alisema mdogo wake Gunleik, aliyebaki akiishi na mzee, "unafanana na wa baba kama mimi ninavyofanana na askofu."

"Basi nielekeze wewe!"

"Mie sikio langu gogo, dada. Ninachojua, siku za mwisho alipiga huo tu. Hata paka aliuchoka."

Aslaug akaruka kitini. "Basi fidla bado imekazwa hivyo hivyo! Iko wapi?"

Gunleik akakwaruza meza kwa kucha. "Usinipigie kelele. Niliiuza duka moja Oslo. Na nyuzi nililegeza kabla ya kuifunga, si ndivyo mnavyotufundisha?"

Kwa mara ya kwanza Aslaug alitamani mdogo wake angekuwa mzembe. "Zote?"

"Nne za juu. Zile za chini nani ana muda nazo?"

Aslaug alishavaa koti. Nyuzi za chini, zinazopita chini ya zile nne, haziguswi na upinde; huitikia tu zile za juu, nazo hukazwa kuufuata wimbo. Tarjei alizoea kusema hizo ndizo mkewe: hapigi kelele, lakini asipoitikia, nyumba haina sauti.

Dukani alipokewa na kijana aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri kuliko sera za serikali, akamshushia fidla ya Tarjei kutoka ukutani. "Jaribu tu, mama. Kujaribu hakulipiwi."

Akazigusa nyuzi za chini kwa ukucha, mmoja mmoja. Zilikuwa zimelegea, lakini zimelegea pamoja, kama wazee wa nyumba moja. Akakaza za juu kuzifuata, akainua upinde.

Jiko likarudi. Mvuke wa kahawa, kiatu cha baba kikigonga sakafu, kiti cha mama ambacho hakuna aliyekikalia. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, na upinde uliponyanyuka, nyuzi za chini ziliendelea kuitika zenyewe.

"Umepata ulichokuwa unatafuta, mama?"

"Nimepata."

Akaandika zile sauti nne kichwani mwa karatasi. Sasa wimbo ulikuwa kamili, na mpigaji hakuhitajika tena, kama alivyojigamba. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeishika fidla shingoni, na haukuwa na nia ya kuachia.

"Hii mnauza bei gani?"

Kijana akageuza kibandiko kilichoning'inia kwenye kigingi, akamsomea bei ya kumeza mishahara ya miezi miwili.

Krona elfu tisini na tano.