Siku Nilipokuwa Jitu la Mbwera

Jamani, nichekeni tu, maana Mbwera nzima imeshanicheka, ila hili hata kulitamka naona haya. Zuhura alipokwenda kwa shangazi yake Ngorongo na talaka yake moja, nyumba ikanipwaya (napika sufuria ya watu wawili, nusu wanakula kuku), nikawa kila jioni natazama picha za sinema za kale kwenye simu. Ndipo nikakutana na ile ya Kijapani, nyeusi na nyeupe, jitu linatoka baharini linakanyaga mji, na mwishoni wakaonyesha walivyoitengeneza: kumbe ni mtu ndani ya gamba la mpira, jasho linamtoka mpaka anataka kuzimia, na mji wenyewe vijumba vya kumfika magotini! Na ilipotoka, watu wakajaa kuitazama. Nikasema wallahi na mimi naiweza, na Zuhura akisikia ninavyotajwa huku, atarudi.

Basi nikatengeneza gamba kwa mipira ya ndani ya tairi, nikajenga vijumba vya udongo ukingoni mwa mto, na Shabani, mtoto wa mjomba wangu, akanishona mgongoni kwa uzi wa nyavu, akawasha kamera ya simu juu ya kijiti, akasema, "We kanyaga tu, nafuata maji ya kunywa ng'ambo, narudi sasa hivi." Sasa hivi gani! Maji ya mto yakapwa, mtumbwi wake ukakwama kwenye tope huko huko, na mimi mji nimeshaumaliza, nimeshonwa kama gunia la mpunga, jua la saa saba. Nikakaa chini mbele ya simu, peke yangu. Kiu iliponizidi nikaenda kuomba msaada kwenye mashamba yaliyokuwa nyuma yangu tu, na kina mama waliokuwa juu ya madungu, vile vichanja vya kulindia mpunga, wakiamia ndege (nani atawalaumu?) wakanivurumishia madonge ya udongo kwa makombeo, "Yarabi, dude! Dude hilo!" mpaka nikapiga magoti, nikataja jina langu na la marehemu baba. Wakanikatia ule uzi kwa panga, wanacheka hawajiwezi.

Kabla ya kuionyesha nikatazama mwanzo, nikatazama na yale madonge, katikati nikaona nimekaa tu, nikapaacha bila kusikiliza (uvivu huo!). Baada ya Alasiri banda la video likafurika, watu wanashikana mbavu, nami kando najisikia mtu mbele ya watu. Halafu jitu likakaa chini, na spika ikatoa sauti yangu: "Zuhura, rudi mke wangu. Hata chumvi sijui unaiweka wapi. Mtu akipita njiani nanyamaza, nisikie kama ni wewe."

Kicheko kikakatika. Mama yake Zuhura, aliyekuwa amekaa mbele, akainuka, akaja akanishika mkono.

"Baba, eda ya Zuhura ilikwisha, kaolewa. Ijumaa iliyopita. Hawakukwambia?"

Nikamtazama Shabani, akainamisha kichwa. Nikawatazama wengine. Wote walikuwa wanajua. Niliumia, jamani, sifichi.

Picha sitengenezi tena, na gamba nimelichoma moto. Ngorongo si mbali hivyo: unapanda boti, unapanda gari, unamalizia na bodaboda, unapiga hodi, unasema neno lako. Mimi nikaona rahisi zaidi kujenga mji mzima na kuukanyaga.