Kutu Iliyosuguliwa

Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu Bi Ngoja aajiriwe kwa muda. Barua ya kwanza ilisema miezi mitatu. Zilizofuata zilisema vivyo hivyo, na zote alizitunza katika faili la kijani ambalo sasa lilikuwa limenenepa kuliko mwenyewe.

Alifundisha Kiingereza kwa watu wazima, ghorofani katika chuo kidogo chenye ngazi za chuma. Wanafunzi walikuwa fundi cherehani, nesi, dereva wa lori na wengine tisa, waliofika alasiri wakiwa wameshachoka. Jina la Bi Ngoja walimpa wao, na sababu ni yale maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni kitu kuacha kuwa hivi na kuwa vile. Yapo mengi, na Bi Ngoja hakuamini kwamba yanaingia kichwani kwa kukaririwa. Kwake yeye, mtu hana haki ya kutamka rust kabla hajauona msumari ukishika kutu. Kwa hiyo kila Jumatatu alipanga vitu mezani dirishani: msumari kwenye kisosi cha maji ya chumvi, ndizi mbichi, kikombe cha maziwa, kipande cha kitambaa chekundu juani. Kisha huwaambia, "Ngojeni." Kitu kikishabadilika ndipo neno lake hutolewa, na likitolewa hivyo halisahauliki.

Wiki hiyo, mkaguzi alikuwa aje Ijumaa. Mkuu wa chuo alimdaka Bi Ngoja koridoni.

"Akikupenda, dada, unaingia ajira ya kudumu. Asipokupenda, mimi sina la kufanya."

"Ulishawahi kuwa na la kufanya?"

"Usinianze, dada."

Hadi Jumatano meza ilikuwa imeiva na maneno yake yameshatolewa, ikaachwa imsubiri mkaguzi. Msumari umevaa kutu kichwa hadi ncha, ndizi ina madoa meusi, maziwa yamekatika mapande, kitambaa kimepauka. Alhamisi hakuwa na kipindi. Ijumaa, nusu saa kabla ya mkaguzi, akafungua mlango akakuta msumari unang'aa kama pete ya bibi harusi. Ndizi ilikuwa nyingine, ya kijani. Maziwa yalikuwa mapya, yamefunikwa. Kitambaa kilikunjwa kwa ustadi, upande uliopauka ukafichwa ndani.

Pembeni, ameegemea ufagio, alisimama Mzee Dekio, mhudumu wa usafi aliyehamishiwa jengo hilo siku mbili tu zilizopita, naye pia wa muda.

"Mzee wangu, umefanya nini?"

"Nimesikia una mgeni, mwanangu. Nikaona mwalimu mzima, meza kama jalala. Nikasema acha nimsitiri."

"Na msumari?"

"Huo ulinitoa jasho. Nimeusugua kwa majivu saa nzima."

"Siku tatu nimengoja kutu ile."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye ndugu zake bado hawajaambiwa. "Kumbe unaumwa," akasema polepole, "na wala hukuniambia."

Kabla Bi Ngoja hajapata jibu la mtu mwenye adabu, wanafunzi waliingia, na nyuma yao mkaguzi, bwana mwenye kalamu mbili mfukoni. "Endeleeni kama sipo," akasema, akakaa mbele kabisa.

"Bi mkubwa, tungoje?" fundi cherehani akanong'ona.

"Leo hakuna kungoja." Bi Ngoja akamgeukia Mzee Dekio aliyekuwa anajiondokea kimyakimya. "Njoo hapa mbele, baba. Eleza ulivyovikuta vitu hivi."

Mzee akakohoa. "Msumari ulikuwa mwekundu kwa kutu."

"Rusted," dereva akadakia, kabla ya kuulizwa.

"Maziwa yamekatika, harufu yake Mungu anajua."

"Curdled," akasema nesi.

"Kitambaa kimepauka."

"Faded. Na mimi ningemrudishia mwenye duka," akasema fundi cherehani.

Mzee akanogewa. Akaeleza maua ya ofisini kwa mkuu yaliyonyauka, ukuta wa ngazini uliopasuka, bomba la chooni lililoziba tangu enzi na enzi. Darasa likamfuata neno kwa neno bila kukosea. Mkuu, aliyekuwa mlangoni, aliacha kutabasamu walipofika kwenye bomba. Mkaguzi aliandika bila kuinua kichwa, na Bi Ngoja, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akajiruhusu kutumaini.

Jumatatu mkuu alimwita akamsomea ripoti. Chuo, iliandikwa, kimebahatika kumpata mtu anayeona kila kinachoharibika na kukishughulikia mapema. Mtu huyo, yaani mhudumu wa usafi, aajiriwe kwa kudumu mara moja.

"Na mimi?"

"Wewe amekusifu sana. Anasema njia yako ni nzuri ila inahitaji kuangaliwa zaidi."

"Kwa muda gani?"

Mkuu akaangalia dari. "Miezi mitatu."

Bi Ngoja alipanda ngazi. Mezani palikuwa na msumari mpya kwenye kisosi, na kando yake Mzee Dekio amekaa kitini, barua yake ya kudumu mfukoni, akiulinda. "Hakuna atakayeugusa, mwanangu," akasema. "Hata mimi."

Bi Ngoja akamshukuru, kwa sababu alilelewa vizuri. Kisha akatia barua yake mpya kwenye faili la kijani, akalilaza faili dirishani, juani, mahali pa kitambaa.

"Hilo ni la neno gani, Bi mkubwa?" akauliza fundi cherehani, aliyekuwa ameshaingia na wenzake.

"Ngojeni," akasema Bi Ngoja.