Mafundo Kwenye Kamba za Nguo

Babu alipozikwa kule Kitui mwezi wa pili, Kamene alirudi Nairobi na wadogo zake wawili, Kaloki na Kaveke, ambao hakuwahi kuishi nao. Yeye alilelewa mjini na shangazi, akasoma hadi kidato cha nne. Wao walikulia msituni wakirina asali na babu, na kutoka kwao mpaka nyumba ya pili ilikuwa mwendo wa nusu siku.

Mjini, katika mtaa wa Kianda, walikaa chumba kimoja. Walitembea wakifuatana, Kaveke akikanyaga palepale alipokanyaga kaka yake, hata kwenye lami. Kaloki alisalimia kila mtu, mpaka watu wa boda boda waliompita mbio, kisha akasimama kungoja jibu. Kamene aliuza mboga mtaa wa Silanga, na Jumapili aliwapokea waumini mlangoni mwa kanisa lao huko Gatina. Kila asubuhi alimwomba Mungu awafundishe upesi mambo ya mjini, maana aibu ilikuwa inammaliza.

Jumapili moja alitoka kanisani, bado na sare yake nyeupe, akakuta wapangaji wamejaa uani. Suruali ya Jeconia, mume wa jirani yake Filister, Mama Ryan, ilikuwa imepigwa fundo mguuni. Shuka lililofuata, fundo. Blauzi, fundo. Yalifuatana kamba hadi kamba, kutoka chooni mpaka mlangoni kwa Kamene.

"Huu ni uchawi," mama mmoja akasema.

"Ni mimi," Kaloki akasema. "Kwetu tunafunga nyasi njiani ili tusipotee tukirudi. Hapa nyasi hakuna, na milango yote inafanana."

"Kwa hivyo suruali ya bwana yangu ni nyasi?" Filister akauliza, na wapangaji wote wa plot wakacheka. "Kamene, hawa si ni wako?"

Kamene aliitazama sare yake. "Zii, si wangu. Nimewapa tu mahali pa kulala."

Kaloki aliinamisha macho. "Tusamehe, mama," akamwambia dada yake, kama mtu anayeongea na mgeni.

Yeye na Kaveke wakafungua mafundo yote, moja baada ya jingine. Kisha wakasimama mlangoni kwa Kamene wakapiga hodi, na hawakuketi mpaka alipowaonyesha pa kuketi. Walishukuru kupita kiasi kwa chakula.

"Mbele ya watu tukuite nani?" Kaveke akauliza taratibu.

Kamene alirudisha tonge sahanini. Aliweka sahani chini akaenda kwa Filister, aliyekuwa akipiga pasi suruali ileile.

"Mama Ryan, nilidanganya. Wale ni ndugu zangu, baba mmoja mama mmoja."

"Tunajua," Filister akasema bila kuinua macho. "Hiyo pua mnayo wote watatu. Wengine walicheka suruali. Mimi nilikuwa nakuonea haya."

"Naomba unisamehe."

"Mimi hukunikana. Rudi kwako uwaambie wao."

Zilikuwa hatua sita tu mpaka mlangoni kwake. Ndani alimsikia Kaloki akimwombea yule mama aliyewapa mahali pa kulala, na Kamene akabaki nje, mkono kwenye kitasa, akingoja aseme amina.