Kuku wa Baba Walipogoma

Lawama ya kwanza iliniangukia mimi. Kuku wa baba walipoacha kutaga, kabla hajamtazama jogoo wala pumba wala maji, baba alinipigia simu asubuhi nikiwa katikati ya wateja pale Mwaloni, Kirumba, akaniambia dagaa ninaowapelekea kuku wake wana mchanga.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini baba hilo alilichagua. Mimi nauza dagaa wa chanja. Wanaanikwa juu ya wavu, hawagusi chini, na wateja wangu wananijua kwa hilo. Nilimjibu kwa adabu kwa sababu ni baba, na simu ilipokatika nikafura mpaka mchana.

Hasira yangu ilikuwa na woga ndani yake. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha samaki Nyakato, na tangu sijaanza shule alikuwa akiingia zamu ya usiku. Alipostaafu, yeye na mama wakahamia kwenye nyumba yao ya Buhongwa, na miezi ya kwanza alikaa tu barazani kwenye kiti cha plastiki akitazama malori ya barabara ya Shinyanga. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu asiye na kazi, na kwa baba hilo lilikuwa baya zaidi. Kuku ndio waliomwinua. Aliwajengea banda la mbao na wavu, akanunua mitetea chotara, akawapangia ratiba kana kwamba yeye ndiye msimamizi na wao ndio vibarua. Walipoanza kutaga, akawa ananitumia mayai kwenye ndoo ndogo yenye pumba, kila yai limefutwa, na sauti yake kwenye simu ikawa ya mtu anayetoka kazini.

Sasa mayai yalipungua, yakakoma kabisa, na baba akatangaza kwamba kama kuku wamemshinda, atarudi Nyakato. Kuna mtu alikuwa anajenga ghala huko, na alimwahidi kazi ya ulinzi wa usiku likiisha. Kifua cha baba kiliharibika kwenye vyumba vya baridi vya kiwandani. Mvua ikinyesha tu, anakohoa mpaka anashika ukuta.

"Akirudi kwenye ule usiku, mwanangu, hatamaliza mwaka," mama aliniambia.

Kuanzia siku hiyo mayai ya wale kuku yakaninyima raha hata mimi.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama alisema ni minyoo, akawawekea alovera kwenye maji. Jirani alisema ni kijicho, na alivyokuwa akiwahesabu kuku huku anasema, nikaanza kumwamini. Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akawashika mmoja mmoja, akasema haoni ugonjwa ila wamechoka, akaacha vitamini. Baba alikagua kila upenyo wa banda akitafuta njia ya kenge, maana kwenye yale mawe nyuma ya nyumba kenge hawakosekani. Hakupata hata ganda la yai. Baada ya yote hayo akarudi palepale, kwenye dagaa.

Basi siku moja nikafunga meza yangu, nikabeba mfuko wa dagaa, nikaenda Buhongwa kusafisha jina. Nilimwamkia baba, akaitikia marahaba, nikawamwaga dagaa kwenye ungo mbele yake na kuanza kupepeta. Mchanga haukuonekana. Baba akasema labda wale wa mwezi uliopita. Niliona nikiendelea kubishana nitamkosea heshima, nikachukua kigoda nikaenda kukaa mbele ya banda. Nilikusudia kuwatazama wale kuku mpaka waseme wenyewe.

Hawakusema kitu, maana walikuwa wamelala. Jua lilikuwa limetoka sawasawa, saa ambayo kuku mwenye akili zake anaparua na kugombania wadudu. Hawa walikuwa wamejikunyata kivulini, macho wameyafumba, wengine shingo zimebaki uchi na manyoya yao yametapakaa chini kama mto uliopasuka. Nikainuka kwenda kunywa maji, na hatua chache mbele nikagundua kwamba ninanyata.

Nilisimama. Nikajiuliza nimejifunza wapi kunyata mchana kweupe, na jibu nilikuwa nalo. Kwenye vile vyumba vyetu viwili vya Nyakato, utoto wangu wote ulikuwa wa kunyata mchana. "Baba amelala," mama alikuwa akisema, kidole mdomoni. Tulicheza rede bila kushangilia. Tuliosha vyombo polepole ili sufuria isigonge sufuria. Watoto wenzetu walichapwa kwa kuvunja sahani, sisi tulichapwa kwa kuangusha kijiko. Na wale kuku walikuwa na sura ya baba ninayemkumbuka, akitoka chumbani alasiri, macho mekundu, amelala lakini hajapumzika.

Nikarudi bandani nikatazama juu. Katikati ya boriti ilining'inia balbu kubwa nyeupe, ambayo nilikuwa nimeiona mara nyingi ikiwa imezimwa na sikuifikiria. Chini yake kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa na redio ndogo.

Mama alinieleza, baba akisikiliza. Baba alikuwa amesikia kwamba wafugaji wakubwa huwawashia kuku taa ili watage zaidi, naye akaiwasha jioni hadi asubuhi. Umeme ukikatika, giza. Ukirudi, kuku wanaruka kutoka kwenye fito zao wakidhani kumekucha. Mama hakuona ubaya, kwa kuwa wakubwa ndivyo wanavyofanya. Na baba mwenyewe, ambaye tangu astaafu hajaweza kulala usiku, alikuwa akikaa nao pale kwenye ndoo, redio ikiongea taratibu. Alikuwa amepata wenzake wa zamu.

Nikampigia simu bwana mifugo. Akasema hao wafugaji wakubwa nao huzima, kwamba kuku asipopata giza lake hapumziki, na mwanga unaokuja na kuondoka ovyo humvuruga mwili mpaka ananyonyoka. Tuzime, alisema, na tuwe na subira, manyoya yatatangulia na mayai yatafuata.

Baba aliinua macho akaitazama balbu. Nilidhani atakasirika.

"Mimi nilizoea," akasema. "Miaka yote ile. Nilidhani na wao watazoea."

"Hukuzoea," mama akasema. "Sisi ndio tuliokuzoea."

Sijawahi kumsikia mama akimjibu baba hivyo, na wala hakumjibu kwa ukali. Alikuwa anamshonea kifungo cha shati. Mimi nilimhurumia yule mzee. Baba aliingia bandani, akaichomoa balbu, akachukua na redio yake. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akasema dagaa wangu ni wazuri, nami nikasema asante, baba.

Habari zilizofuata nilizipata kwa simu ya mama. Jioni baba anawafungia kuku, na kwa kuwa bandani ni giza na hakuna wa kukaa naye, anarudi ndani. Mwanzoni alijigeuza kitandani hadi alfajiri. Baadaye akaanza kupata usingizi kidogo kidogo. Manyoya mapya yalichomoza kwenye shingo za kuku kama ncha za sindano, lakini mayai hayakuonekana. Ghala la Nyakato likaisha, mwenyewe akataka jibu, baba akamwomba asubiri kidogo. Kila simu ya mama niliipokea moyo ukienda mbio.

Jumamosi moja, jua limeshapanda, nikafika Buhongwa na dagaa wao. Mama alinikuta getini. Kabla sijapiga hodi akaweka kidole mdomoni.

"Baba yako amelala."

Nilishtuka nikauliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Amelala tangu jana baada ya kula, akaninong'oneza, hata kikohozi hakijamwamsha. Mwenye ghala amepiga simu, ameipokea mama mwenyewe, na amemwambia mzee ana kazi yake hapa nyumbani. Kisha akafungua pindo la kanga yake. Ndani kulikuwa na yai moja la kahawia, bado lina joto, unyoya umeganda juu yake.

Nilitaka kupiga kigelegele. Mama naye alitaka, nilimwona. Nikasema tumwamshe alione. Mama akasema aamke mwenyewe, yai halikimbii.

Nikavua kandambili zangu, nikatua mfuko wa dagaa polepole, nikapita mlangoni kwa baba nikinyata.