Tangazo Ambalo Halikutoka

Tangazo lilikuwa tayari. Nililiandika mwenyewe, mwanasheria wa chuo akalipitia, na Jumanne ile, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa nasubiri saini moja tu ya Makamu Mkuu ili lipelekwe magazetini. Nafasi yenyewe ilikuwa ya Naibu Makamu Mkuu anayesimamia utawala, mtu wa pili kwa ukubwa pale chuoni kwetu. Aliyekuwepo alikuwa anastaafu. Mimi nilikuwa mkuu wa utumishi, na kanuni tulizokuwa nazo hazikuwa na mafumbo: nafasi itangazwe, waombaji wasailiwe, kisha Baraza la Chuo liteue.

Badala ya saini, niliitwa. Profesa, ndivyo tulivyomwita Makamu Mkuu, alinionyesha kiti, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akafunga mlango mwenyewe.

"Lile tangazo liweke kwanza," aliniambia.

Akanisogezea karatasi yenye jina moja. Lilikuwa jina la mwenzangu.

Mwenzangu ni mtu wa Bwejuu, kijiji cha pwani. Alipofaulu kuingia skuli ya mjini, wazee wake waliwaomba wazee wangu akae kwetu Mkunazini, na kwa miaka minne sisi wasichana wawili tulilala kitanda kimoja, tukavaliana nguo, tukagombana na kupatana. Mama yake alimsomesha kwa kilimo cha mwani, kusimama ndani ya maji ya chumvi tangu bahari inapotoka mpaka inaporudi. Wakati ninaousimulia alikuwa mkurugenzi wa mipango hapo hapo chuoni, na hodari. Hakuna aliyebisha hilo, hata wasiompenda.

Niliuliza kuhusu Baraza. Profesa alisema wajumbe ameshawapigia simu mmoja mmoja na hakuna aliyepinga. Nikauliza kuhusu kanuni. Alijibu kwa upole kwamba kanuni zipo, lakini na muda nao upo, na hakuona sababu ya kuzunguka miezi sita kumtafuta mtu ambaye tayari tunaye. Nilitakiwa kuandika barua ya uteuzi, na ndani yake niweke maneno "kufuatia mashauriano."

Niliiandika. Sitaki mtu adhani nilishikwa mkono. Niliiandika siku ile ile, na sehemu ya moyo wangu ilikuwa ikifurahi.

Sehemu nyingine ilikuwa kwa mkuu wa udahili. Huyu alikuwa mzee wetu, aliyetufundisha hesabu skuli sote wawili kabla hajahamia chuoni, na mpaka leo namwita mwalimu. Kila Jumatatu asubuhi alipita ofisini kwangu kuuliza kama tangazo la ile nafasi limetoka. Alikuwa ameshakusanya vyeti vyake vyote. Jumatatu iliyofuata alipita tena. Nilimwambia, "Bado, mwalimu." Lilikuwa neno la kweli, na tangu nizaliwe sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Alinishukuru, akaenda zake.

Jioni yake, baada ya alasiri, mwenzangu alikuja nyumbani. Aliingia moja kwa moja jikoni kama alivyozoea, akavua buibui, akanikumbatia. Barua alikuwa ameipata. Nilimpongeza, nikampa chai, kisha nikamuuliza alijua tangu lini.

Alisema tangu wiki mbili nyuma. Profesa alimwita, akamtaka asimwambie mtu.

Wiki mbili nyuma mimi nilikuwa bado naandika lile tangazo. Tena nilikuwa nimemuonyesha, nikamuuliza kama sifa za mwombaji nimezipanga vizuri, naye akanirekebishia sentensi moja. Nilimkumbusha hilo. Alitia sukari kwenye chai ambayo ilikuwa imeshatiwa sukari, akasema aliambiwa asiseme, na yeye ni mtu wa kushika neno. Hatukuendelea. Tulizungumza habari za mama yake, ambaye alikuwa ameshawaarifu nusu ya Bwejuu.

Alkhamisi wafanyakazi wote tuliitwa ukumbini. Profesa alitangaza uteuzi, watu wakapiga makofi, wengine kwa dhati. Mwenzangu alikaa safu ya mbele, ameinamisha kichwa kidogo. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa na mafaili yangu. Nilimuona mwalimu akisimama katikati ya ukumbi, nikajua anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo.

Alianza kwa kumpongeza mwenzangu. Alisema amemfundisha na anaujua uwezo wake. "Suala langu si kwake," akasema. "Ni kwa mkuu wa utumishi. Tangazo la nafasi hii lilitoka lini?"

Profesa aliwahi kipaza sauti. Alisema masuala ya aina hiyo yatajibiwa kwa maandishi. Mwalimu hakukaa.

"Jawabu lake ni tarehe tu," alisema. "Haihitaji karatasi."

Profesa alinitazama, na macho yake yalisema wazi nikae nilipo. Ningeweza kukaa. Nimeipima dakika ile mara nyingi, na kila mara naona kwamba mlango wa kutokea ulikuwepo, tena wazi. Sikusimama kwa ushujaa. Nilisimama kwa sababu mzee yule alikuwa amenitazama kwa imani ile ile ya kila Jumatatu, na nilihisi nikimwambia tena "bado" sitaweza kumwamkia maisha yangu yote.

"Halikutoka, mwalimu," nilisema. "Liliandikwa, lakini halikutoka."

Nilitarajia watu wamgeukie Profesa. Hawakumgeukia. Ukumbi mzima ulimgeukia mwenzangu. Aliyepiga simu alikuwa amesimama mbele yao na kipaza sauti mkononi, na macho yote yakaenda kwa mwanamke ambaye simu zilipigwa kwa ajili yake. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Alikuja ofisini kwangu kabla sijaweka mafaili mezani. Hakukaa.

"Profesa alishakutengenezea njia," alisema. "Ungemuachia ajibu kwa maandishi."

Nilimwambia niliulizwa mbele ya watu. Nilimwambia pia kwamba yeye alilisoma tangazo lile jikoni kwangu akijua halitatoka. Hakukana.

"Mimi sikuomba," akasema. "Niliitwa. Ungeitwa wewe, ungekataa?"

Niliyaweka mafaili mezani, moja juu ya jingine.

"Sasa hata nifanye kazi vipi, nitakuwa yule aliyeteuliwa kwa simu," alisema. Akatoka, na mlango akaufunga taratibu, kwa adabu, kama mgeni.

Mambo yalikwenda haraka. Wahadhiri waliandika barua, Baraza likakutana kikao kamili, uteuzi ukafutwa. Tangazo lilitoka hatimaye, maneno yangu yale yale na ile sentensi aliyoirekebisha mwenzangu, ila mimi sikuwepo tena kulishughulikia. Nilihamishiwa tawi dogo la chuo upande wa Kizimbani, penye mashamba ya utafiti, kusimamia likizo na mahudhurio ya vibarua. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Mama yangu aliisoma, akaikunja, akauliza kama huko kuna maji.

Walisailiwa watu watano. Mwenzangu na mwalimu waliomba wote, na nasikia siku hiyo walikaa benchi moja nje ya chumba cha usaili na mzee ndiye aliyemsalimia mwanzo. Hakuipata mwenzangu wala mzee. Aliipata mtu wa Pemba aliyekuwa akifanya kazi bara miaka mingi, ambaye hatukuwa tukimjua. Wanasema ni mtu wa haki, ila mzito wa kuamua. Mwalimu alistaafu mwaka huo huo.

Kwa miezi minane mimi na mwenzangu hatukusemezana. Tulikutana kwenye harusi mbili na msiba mmoja, tukapeana mikono kama watu wanaojuana kwa mbali. Usiku sikuwa nikikosa usingizi, lakini mchana, katikati ya kazi, nilikuwa nikikumbuka vile vichwa vilivyogeuka, na kalamu ikasimama.

Kisha asubuhi moja alifika Kizimbani bila ya kuarifu. Alikaa kwenye kiti cha vibarua, akatazama ofisi yangu, akasema ni ndogo. Nikasema ndiyo. Alitoa bahasha mkobani. Chuo kimoja cha bara kilikuwa kimetangaza nafasi ya mkurugenzi wa mipango, nao walitaka wadhamini watatu.

"Nnataka uwe mmoja wao," alisema.

Nilimuuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu habari ile imefika mpaka huko. Wakiona jina lako chini ya sifa zangu, watajua hazikutiwa chumvi." Akaisogeza bahasha mbele yangu. "Sijakusamehe sawasawa. Lakini andika."

Niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba ni mtu wa kushika neno, nikaacha kalamu muda mrefu hapo, kisha nikaendelea.

Kazi aliipata. Alihama baada ya Ramadhani, na siku hizi hunipigia Ijumaa, tunazungumza ya watoto na ya afya. La ukumbini hatuligusi.

Mama yake amebaki Bwejuu, peke yake, miguu yake haimruhusu tena kuingia baharini. Kila nikipata nafasi nnakwenda kumuangalia, nampelekea dawa na mchele. Alinilisha kwa mkono wake nilipokuwa msichana, tukienda kwake likizo. Namwamkia shikamoo tangu mlangoni, naye husikia vizuri. Marahaba yake huja, lakini huchelewa, nami husimama pale na viatu mkononi mpaka aitoe.